Mwandishi Anahitaji Kujibiwa

Hotuba niliyoitoa mbele ya waandishi chipukizi mjini Tanga. Wengi mlioshindwa kufika mmeiomba. Hii hapa yote.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu malenga mliokaa safu ya mbele, walimu, na nyinyi vijana mliotoka Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie makongamano ya waandishi. Yana faida gani kwa mtu ambaye bado hajachapisha kitabu? Juzi kijana mmoja aliniuliza swali hilihili, na aliuliza kwa uchungu. "Mama," akasema, "nauli ya kwenda Dar ni pesa. Kulala ni pesa. Nikakae siku tatu nisikilize watu wakisoma karatasi, nirudi na begi lenye nembo na kalamu. Si bora pesa hiyo ninunue vitabu, nikae nyumbani niandike?"

Ni swali la haki. Sitalijibu kwa kusema makongamano yote ni mazuri, kwa sababu si kweli. Yapo ambayo ni hotuba za wageni rasmi tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha picha ya pamoja, chakula, na safari njema. Hayo yakikupita hujakosa kitu.

Lakini lipo jambo moja ambalo huwezi kulipata ukiwa umejifungia chumbani, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Mwandishi anahitaji kujibiwa. Kuandika unaweza kuandika peke yako. Kujijibu huwezi. Ukiisoma kazi yako mara ya kumi, macho yanasoma ulichokusudia; kile kilichoandikwa kwenye karatasi hukioni tena. Anayekiona ni mwenzako. Basi kongamano lenye maana ni lile ambalo ndani yake yupo mtu wa kukujibu.

Na hili si jambo tulilofundishwa na wageni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alipotunga juu ya ugomvi wa Mombasa na Lamu, hakutunga ili beti zipotee hewani. Upande wa Lamu walikuwapo watunzi, Zahidi Mngumi akiwa miongoni mwao, na beti zilijibiwa kwa beti. Baadaye, gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi waliokaa miji mbalimbali na ambao hawajapata kuonana walitupiana mafumbo na kufumbuliana humo. Wazee mliopo hapa mnajua raha ya kufungua gazeti na kukuta shairi limeelekezwa kwako kwa jina. Ukijibiwa hivyo unaweza kulala? Unaamka usiku kutafuta vina!

Sasa twendeni Kampala.

Ni Juni 1962. Uganda inasubiri uhuru wake Oktoba mwaka huohuo. Kenya bado ni koloni. Katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Makerere wamekusanyika waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Yupo Chinua Achebe wa Nigeria. Yupo Wole Soyinka. Yupo Christopher Okigbo, yupo J. P. Clark. Kutoka Afrika Kusini wapo Ezekiel Mphahlele na Lewis Nkosi. Kutoka Marekani amekuja mshairi Langston Hughes. Na katika chuo hichohicho yupo mwanafunzi wa miaka 24 aitwaye James Ngugi, ambaye dunia itamjua baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o.

Mwanafunzi huyu amealikwa kwa sababu gani? Ana hadithi fupi mbili zilizochapishwa. Moja imetoka katika jarida la wanafunzi, nyingine katika Transition, jarida changa lililoanzishwa hapohapo Kampala mwaka 1961. Hadithi mbili! Nani humu ndani ana hadithi mbili? Naona mikono mingi.

Lakini alikuwa na kitu kingine. Alikuwa na muswada wa riwaya. Katikati ya mijadala ile akamtafuta Achebe, mtu aliyekwishatoa riwaya mbili na ambaye kila mmoja alitaka kuzungumza naye, akampa asome. Achebe akasoma, akampa maoni yake. Muswada ukafika kwa wachapishaji wa Heinemann wa London, ambao mwaka huohuo walikuwa wanaanza mfululizo wao wa vitabu vya waandishi wa Afrika, na Achebe ndiye aliyekuja kuwa mhariri mshauri wa mfululizo huo kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1964 riwaya ikatoka: Weep Not, Child.

Ndugu zangu, nawauliza. Kitu hiki kilikuwa kwenye ratiba? Kulikuwa na kipindi kilichoandikwa "saa nane mchana, mwanafunzi ampe Achebe muswada"? Hakikuwapo. Ratiba ilikuwa na mijadala juu ya fasihi ya Kiafrika ni nini, waliibishania kweli, na mengine wanayabishania wataalamu hadi leo. Lililobadili maisha ya yule mwanafunzi lilifanyika pembeni.

Na sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanaposikia nusu ya habari. Muswada ulikuwapo. Hakwenda kwa Achebe na wazo. Hakwenda kumwambia, "Mzee, nina hadithi nzuri sana kichwani, nikipata muda nitaiandika." Muswada ulikuwapo! Kongamano halikumwandikia. Kongamano lilimpa msomaji, na msomaji alikuta kitu cha kusoma.

Mtasema huyo ni Ngũgĩ, na Achebe hapatikani kila siku. Sawa. Basi niwape habari ya mtu ambaye hamumjui.

Katika warsha moja niliyoshiriki kama mhariri, hapa hapa pwani, kijana mmoja alisoma sura ya riwaya yake. Jahazi linatoka Dar es Salaam usiku wa Desemba, limebeba barua ya mama mgonjwa, tanga limejaa upepo, chombo kinateleza, na alfajiri kinaingia bandarini Tanga. Aliisoma vizuri, kwa sauti. Lugha ilikuwa tamu, watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na bakora yake katikati ya magoti hakupiga makofi. Makofi yalipotulia akauliza: "Mwanangu, Desemba ni kaskazi. Wewe unatoka Dar unapanda Tanga, upepo unakupiga usoni. Nahodha wako kafikaje alfajiri?"

Ukumbi ukanyamaza. Ningekuwa mimi yule kijana ningetafuta pa kujificha. Yeye alichukua kalamu. Wakati wa chai nikamwona ameketi karibu na mzee, na mzee anachora kwenye vumbi kwa ncha ya bakora: pwani hii, upepo huu, chombo kinabisha, kinakwenda nje baharini kisha kinarudi, kinakwenda kinarudi, foromali inahamishwa kila kikigeuka, mabaharia hoi. Akamwambia mahali ambapo nahodha mwenye akili angetia nanga angoje. Kesho yake kijana alisoma sura mpya. Jahazi halikufika alfajiri. Lilijificha Pangani likisubiri upepo utulie, na barua ikiwa ndani yake, na msomaji anajua kwamba kila siku inayopita ni siku ya mgonjwa. Ile sura ya kwanza ilikuwa na safari. Hii ya pili ilikuwa na riwaya.

Intaneti ingemjibu hivyo? Rafiki yake wa karibu angemjibu hivyo? Rafiki angesema "kali sana, endelea". Alihitaji mtu asiyemjua, anayeijua bahari, na asiyeona haya kuuliza mbele za watu. Watu wa aina hiyo wanakaa katika vikao kama hivi, na mara nyingi hawakai meza kuu. Watafuteni nyuma.

Jambo jingine ninalotaka mlione linatokea palepale Makerere, kwenye kongamano lilelile. Alikuwapo Grace Ogot wa Kenya. Kwa taaluma alikuwa muuguzi na mkunga, akawahi pia kufanya kazi BBC. Alisoma hadithi yake fupi mbele ya wajumbe. Kisha akatazama kazi zilizowasilishwa na vitabu vilivyowekwa kuonyeshwa, na hakuona vya Afrika Mashariki. Tuko Kampala, wageni wamekuja kwetu, na meza haina kitu chetu.

Wapo ambao wangerudi nyumbani wakilalamika. Ogot alirudi akiwa ameamua kuchapisha. Mwaka uliofuata, 1963, hadithi ile aliyoisoma ikatoka katika Black Orpheus, jarida la Nigeria. Mwaka 1966 ikatoka riwaya yake. Akaandika kwa Kiingereza, akaandika kwa Kijaluo. Meza tupu ilimuuliza swali, naye akalijibu maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 2015.

Kwa hiyo mkienda kongamanoni, msitazame vilivyopo mezani tu. Tazameni visivyopo. Mimi nikitazama meza zetu za vitabu vya Kiswahili naumia kwa mambo kadhaa, na niruhusuni niseme moja la hapa nyumbani. Mkoa huu ulikuwa mkoa wa mkonge. Watu waliletwa kutoka mbali kuja kuukata, wakaitwa manamba, wakazaa watoto hapa, na wajukuu wao mmo humu ukumbini. Mmesoma riwaya ngapi za Kiswahili zilizoishi ndani ya kambi za manamba? Nani ataziandika? Mwandishi wa London? Ninyi mna bibi zenu bado wako hai. Wanajua nyimbo zilizoimbwa, wanajua adhabu zilizotolewa, wanajua nani alitoroka na nani hakurudi. Nendeni mkawaulize kabla hatujachelewa. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu kila mwaka napokea miswada ya mapenzi ya mjini, mingine mizuri, na kila mwaka naingoja hii na haiji.

Sasa nafika mahali ambapo lazima tuseme ukweli mchungu, na lazima usemwe Tanga kuliko mji mwingine wowote.

Juni 1962, waandishi walipokuwa wanajadiliana Makerere, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki alikuwa hai au ndiyo kwanza amefariki, kwa sababu alifariki mwezi huohuo. Mnamjua. Alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, mwendo mfupi kutoka hapa tulipokaa. Shaaban Robert alikuwa ameshaandika mashairi, tenzi, insha, hadithi, wasifu. Na hakuwa na sifa ya kualikwa. Kwa nini? Kongamano lilikuwa la wanaoandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili za Kiingereza aliingia. Mtu mwenye rafu nzima ya vitabu vya Kiswahili hakuhesabika. Wala D. O. Fagunwa wa Nigeria, aliyeandika kwa Kiyoruba, hakuhesabika. Aliyeliandika hili kwa uwazi, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ni yuleyule mwanafunzi: Ngũgĩ.

Kwa hiyo ukiingia ukumbini, uliza: nani hayupo? Uliza: kwa nini hayupo? Ni lugha? Ni nauli? Ni kwamba mwaliko ulitumwa kwa barua pepe na yeye hana kompyuta? Ni mama mwenye mtoto mchanga na hapakuwa na pa kumweka mtoto?

Na uliza pia: nani amelipa? Kongamano la Makerere liligharimiwa na shirika lililokuwa na makao yake Paris, Congress for Cultural Freedom. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yakafichua kwamba shirika hilo lilikuwa likipewa fedha na CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Soyinka na wenzake waliikuta habari hiyo kama tulivyoikuta sisi. Sisemi kwamba kazi zao zikawa za kupangwa. Mtu akizisoma ataona hazikupangwa na yeyote. Nasema anayelipia ukumbi ana sababu zake, na mwandishi mzima anaziuliza sababu hizo kabla hajapanda basi.

Je, ina maana Makerere ilikuwa hasara? Hapana. Tazameni majibu yalivyosafiri. Mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria akaandika katika Transition kwamba fasihi ya Afrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya imeingia njia isiyotokea. Waandishi wakubwa wakamshambulia. Miaka ikapita. Mwaka 1977 Ngũgĩ akashirikiana na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kutoa tamthilia kwa Kikikuyu, akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, na huko gerezani Kamiti akaandika riwaya kwa Kikikuyu juu ya karatasi za chooni. Januari 2000, huko Asmara nchini Eritrea, waandishi na wataalamu kutoka pande zote za bara walikusanyika na kutoa Azimio la Asmara, wakisema lugha za Kiafrika ndizo zenye wajibu wa kulisemea bara hili. Kosa la kikao cha 1962 lilijibiwa na kikao cha 2000. Miaka 38! Ngũgĩ alifariki Mei 2025, na hadi mwisho aliendelea kulijibu swali lile alilolikuta akiwa mwanafunzi.

Nanyi je? Mnaandika kwa Kiswahili. Mna vikao vyenu? Vipo. CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, hufanya makongamano. CHAKAMA, chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki, hufanya makongamano. BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, nalo hufanya. Tangu UNESCO iitenge Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tarehe hiyo hujaa shughuli. Niwatahadharishe tu: vingi kati ya vikao hivi ni vya wanataaluma. Utakuta mada za isimu, istilahi, ufundishaji. Mtunzi anaweza kujihisi mpweke humo. Hata hivyo nawashauri mwende, kwa sababu walimu wale ndio wanaoamua kitabu gani kisomwe darasani, na mhakiki akishakuona uso, akakusikia ukisoma, kitabu chako kikitoka hakitakuwa kigeni kwake. Kisha waombeni waandaaji nafasi ya watunzi kusoma kazi zao. Ombeni kwa barua, mapema. Mimi nimeona nafasi hizo zikitolewa kwa sababu tu mtu aliomba.

Zipo tuzo pia, na tuzo hukusanya watu. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ile ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni ya Kiswahili na inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tuma.

Halafu yapo mazungumzo ya wakati wa chai, ambayo peke yake yanaweza kurudisha nauli yako. Mwandishi mmoja aliwahi kunionyesha mkataba aliokuwa ametia sahihi na mchapishaji fulani, simtaji. Alikuwa amekabidhi kila kitu: chapa, tafsiri, sauti, filamu, bila ukomo wa miaka. Hakuwa mjinga, hakuwa na wa kumuuliza. Kwenye kikao kama hiki kuna watu wenye vitabu vitano, sita. Waulizeni bila haya. Mrabaha ni asilimia ngapi, na ni asilimia ya nini: bei ya jalada, au fedha aliyopokea mchapishaji baada ya kumpunguzia muuza duka? Hesabu inatolewa mara ngapi kwa mwaka? Kitabu kikiisha madukani na asikichapishe tena, haki zinarudi kwangu lini? Ithibati ya kutumika shuleni nani anaiomba, mimi au yeye? Maswali haya hayamo katika mada yoyote niliyowahi kuisikia ikisomwa jukwaani. Yanajibiwa ukiwa umeshika kikombe.

Na mkimkuta mwandishi mnayempenda, msimsukumie muswada wa kurasa 300 akiwa anakimbilia gari. Msalimie. Mwambie umesoma kazi yake ipi na nini kilikugusa. Muulize kama anaweza kusoma kurasa tano. Akikubali, mpe tano, zilizochapwa vizuri, zenye jina na namba yako ya simu juu. Akikataa, mshukuru, huenda ana mzigo wa watu wengine mia. Na wewe siku utakapokuwa na vitabu vyako, mtu akakubishia hodi na kurasa tano, msomee.

Nimesema ya kutosha, na waandaaji wananionyesha saa. Chai iko uani. Baada ya chai tunagawanyika. Ushairi watakaa na wazee wetu malenga humu ndani, hadithi fupi watakuwa barazani, riwaya mtakuwa nami chini ya mwembe. Kila mtu anasoma ukurasa mmoja tu. Akimaliza, watu wawili wanamjibu, na yeye haruhusiwi kujitetea mpaka wote wawili wamalize. Asiye na ukurasa leo atakuwa mmoja wa wanaojibu, na ajibu kwa ukweli. Wa riwaya wanaotaka kuanza wanipe majina sasa hivi, kabla hatujainuka.